Ufa Chini ya Jicho

Ufa haukuwepo.

Idowu alisogeza meza hadi dirishani, akaziweka picha mbili ubavu kwa ubavu, ya mwaka jana na ya mwaka huu, akainama tena na kioo chake cha kukuzia. Katika picha ya mwaka jana Mama Awere, kinyago kitakatifu cha msituni, alikuwa amepiga magoti kama siku zote, mtoto mgongoni, bakuli mikononi, na chini ya jicho lake la kushoto ulishuka ufa mwembamba kama njia ya chozi. Katika picha ya mwaka huu alipiga magoti vilevile, mtoto yuleyule, bakuli lilelile. Lakini shavu lilikuwa laini kama la mwali.

"Mbao haiponi," Idowu alijisemea.

Kwanza alijishuku mwenyewe, kwa sababu huko ndiko alikozoea kuanzia. Huenda ufa ulikuwa mkwaruzo wa filamu, au vumbi la lenzi. Akatoa filamu za nyuma, akaziinua mwangani moja moja. Ufa ulikuwemo kila mwaka, hata katika zile alizopiga marehemu baba yake, ila kwa baba ulikuwa mfupi kidogo. Akaishuku dawa ya kusafishia. Akakishuku kivuli. Vyote vikatoka bila hatia, likabaki jambo moja tu: mtu alikuwa amemwondoa Mama Awere msituni, akaweka mwingine mahali pake.

Kila mwaka, sherehe za mto zikishakwisha na wageni wakiwa wameondoka Iloyin, wanawake wa msituni, watunzaji wa ibada ya mto, humvua Mama Awere vitambaa na shanga wakamwosha kwa maji ya mto. Hapo ndipo mpiga picha huitwa. Watu wengine wa mji humwona amefunikwa, amebebwa juu ya vichwa, katikati ya ngoma. Kumwona uso mtupu ilikuwa haki ya wanawake wa msituni, na ya nyumba ya Mzee Sowande mpiga picha, na sasa ya bintiye, Idowu. Kama uso ulikuwa umebadilika, macho ya kugundua yalikuwa hayo tu.

Na katika Iloyin nzima mkono wa kuweza kuchonga uso kama ule ulikuwa mmoja: wa Mzee Kilanko.

Idowu alikaa chini, akalikumbuka gari jeusi. Kiangazi kilichopita mnunuzi wa vinyago alikuja kutoka Lagos, mtu wa kunukia manukato saa nne asubuhi, akataka auziwe picha ya Mama Awere. Idowu alimfukuza. Baada ya hapo akamwona mbele ya banda la Kilanko, akisaidiwa kupakia kitu kirefu kilichofungwa kwenye mkeka. Mzee Kilanko mwenyewe ndiye aliyeufunga mlango wa gari, na wote wawili walikuwa wanacheka.

* * *

Watu wa Iloyin huamini kwamba mtoto anayezaliwa baada ya mapacha huja na kichwa kigumu, na humpa jina la Idowu ili kila mtu ajue mapema. Lakini ukaidi ulikuwa wa kuzaliwa nao. Kushuku alijifunzia ndani ya chumba cha giza cha kusafishia picha.

Sebuleni kwao ilitundikwa picha ya wasichana wawili wamekaa kwenye benchi moja, gauni moja, vilemba sawa, kila mmoja mkono gotini. Walikuwa dada zake, Taiwo na Kehinde, majina ambayo Iloyin huwapa mapacha wote. Taiwo alikufa kabla Idowu hajazaliwa. Kila asubuhi mama yao akipita na ufagio husimama mbele ya picha hiyo. "Taiwo, umeamkaje? Kehinde, umeamkaje?" Siku za kupika maharage ya tambiko la mapacha, huweka sahani mbili chini yake. Idowu alikua akimjua Taiwo kwa sura kama alivyomjua Kehinde aliyekuwa akimsuka nywele.

Alipofikia umri wa kufunzwa kazi, baba yake alimpa filamu ya mtoto mmoja wa kike ambaye pacha wake alikuwa amezikwa. "Funika nusu ya karatasi kwa kadi nyeusi," alimwambia. "Chapa. Sasa hamisha kadi upande wa pili. Chapa tena." Idowu akaitumbukiza karatasi katika dawa. Chini ya taa nyekundu mtoto mmoja akaibuka mara mbili, akakaa kando yake mwenyewe.

Alitoka na kioo cha kukuzia hadi sebuleni, akapanda juu ya kiti. Kwenye kola ya Kehinde kulikuwa na pini iliyopinda. Kwenye kola ya Taiwo kulikuwa na pini iliyopinda.

"Kwa nini mlinidanganya?" alimuuliza baba yake.

"Nani alikudanganya? Taiwo humjui?"

"Namjua."

"Basi."

Alipomuuliza Kehinde yeye ni yupi kati ya wale wawili, Kehinde alicheka. "Inategemea. Nikiamka vizuri mimi ndiye wa kulia. Nikiamka vibaya, mwachie mwenzangu."

Tangu hapo Idowu hakuamini kitu asichokikagua. Akinunua mafuta ya mawese hunusa kizibo, ndipo anuse mafuta. Bwana harusi akija kupigwa picha, humtazama kidole kama kina alama ya pete nyingine. Mumewe, alipokuwa hai, aliwahi kuwaambia wageni kwamba ameoa askari wa mpakani.

Hata hivyo kulikuwa na jambo ambalo hakumwambia mtu. Idowu alikuwa anamtafuta Mungu kwa kamera. Jumapili alikwenda kanisani kama wenzake, lakini mahubiri yalimpitia pembeni. Alichokisubiri ni lile jua la asubuhi linalopenya kioo cha bluu juu ya madhabahu na kuanguka kwenye sakafu. Alipiga picha ua wa msikiti baada ya mvua, mbingu imelala kwenye madimbwi na viatu vimepangwa kando yake. Alipiga mizizi ya mvule wa msituni, na milango ya kale yenye nakshi za farasi na samaki. Kisha huketi na picha hizo akizihoji. Huu ni mwanga tu. Haya ni maji tu. Hapa umetikisa mkono.

Moja tu ndiyo iliyomshinda kuihoji. Mwaka aliofariki baba yake, aliingia msituni peke yake kwa mara ya kwanza, akampiga picha Mama Awere, akarudi kuisafisha. Ndani ya dawa macho ndiyo yaliyotangulia kuibuka, kabla ya pua, kabla ya mdomo, na ule ufa ukafuata chini yake. Idowu alihisi anatazamwa. Hakuhisi kwamba anaona; alihisi anaonwa, yeye na mikono yake iliyolowa, na kila alichowahi kukitilia shaka. Alipiga magoti kwenye sakafu ya saruji hadi picha ikaungua kwa kukaa mno ndani ya dawa, ikabidi achape nyingine.

Kila mwaka alirudi kuhakikisha. Kila mwaka alitazamwa.

Mwaka huu macho ya kwenye picha yalimpita, yakatazama ukuta nyuma yake. Ndiyo maana alichukua kioo. Kilichoibwa msituni hakikuwa cha mji peke yake. Kilikuwa kitu pekee alichowahi kukiamini.

* * *

"Mama Foto, leo umemkamata nani?"

Alikuwa Sikiratu, fundi cherehani wa duka la pili, amesimama mlangoni na futi shingoni.

"Nenda kashone nguo zako."

"Nashona. Lakini tangu asubuhi umeinamia hiyo meza kama kuku aliyeona mdudu. Nikasema nije nile na mimi."

"Sikira, ukiambiwa jambo unaweza kunyamaza?"

"Mimi? Mimi ni kaburi."

"Wewe ni kaburi lenye dirisha."

Sikiratu alicheka, akaingia, akavuta kigoda. Idowu alimsukumia picha na kioo. Sikiratu alitazama moja, akatazama nyingine, akakigeuza kioo, akatazama tena.

"Naona mama na mtoto. Na hapa naona mama na mtoto."

"Angalia chini ya jicho."

"Ahaa. Huyu amepaka mafuta."

"Mbao haipaki mafuta ikapona ufa, Sikira. Hawa ni wawili. Mmoja yuko wapi?"

"Wewe Idowu, siku ya kiama utamwambia malaika akuonyeshe kitambulisho." Lakini sauti yake ilikuwa imeshuka. "Nani angethubutu?"

"Nani anaweza kuchonga?"

Sikiratu aliweka kiganja mdomoni. "Mzee Kilanko alimchongea mama yangu kinu."

"Mwenye kuchonga kinu hawezi kuiba?"

"Sijasema hivyo. Nasema kinu kile mpaka leo kinatwanga." Akainuka, akalitoa futi shingoni, akalivaa tena. "Dada yangu, nakuomba. Kagua tena kabla hujafungua mdomo. Mwenzako akishaitwa mwizi, huwezi kulifua jina lake likarudi jeupe."

"Ndiyo maana nakwenda kwake mwenyewe."

* * *

Mzee Kilanko alikuwa ameketi bandani, kipande cha mti kimebanwa kati ya nyayo zake, akikichonga kwa tezo. Alikuwa mtu mpana, mwenye nyusi zilizojaa vumbi la mbao. Idowu alipiga goti kumwamkia, kisha akafungua mfuko wa kamera.

"Nimekuja kukupiga picha, Baba."

"Kwa bei gani?"

"Bure."

"Mungu wangu, basi nimekufa! Binti Sowande hatoi kitu bure ila kwa maiti."

"Endelea na kazi. Nataka mikono."

Alipiga mikono. Alipiga tezo. Jicho lake la pili, lile lisilo kwenye lenzi, lilizunguka banda: viti, mapipa ya maranda, vinyago vidogo vya mapacha waliofariki, vilivyosubiri wenyewe.

"Yule mtu wa Lagos alinunua nini?"

"Mlango."

"Mlango unafungwa kwa mkeka kama maiti?"

"Una nakshi pande zote mbili, ulitaka niufunge kwa gazeti?"

"Na Mama Awere?"

Tezo ilisimama hewani. "Mama Awere amefanya nini?"

"Ufa wake umekwenda wapi?"

Mzee Kilanko aliyagusa makali ya tezo kwa kidole gumba, akayatazama kwa muda mrefu kuliko chuma kinavyohitaji kutazamwa. "Mambo ya msituni yaulizwe msituni."

"Nakuuliza wewe."

"Na mimi nimekujibu."

Idowu alimwona kupitia kamera. Mdomo ulikuwa unatabasamu, koo lilikuwa linameza mate. Akabonyeza.

Aliporudi na kuisafisha filamu, akakuta kitu ambacho macho yake yalikosa. Nyuma ya bega la mzee, kwenye kona ya banda, kilisimama kisiki cha mti wenye mishipa ya mawimbi. Ni mti uleule wa Mama Awere, na mahali ulipokatwa palikuwa bado pabichi. Idowu aliichapa picha hiyo kubwa.

Hakumwambia mtu mwingine yeyote. Sikiratu naye aliapa kwa Mwenyezi Mungu kwamba hakusema; alimuuliza tu mwenye duka la mawese kama amewahi kusikia mbao iliyopona kidonda. Kabla siku ya soko haijafika, Iloyin nzima ilikuwa inaulizana habari za mbao. Familia moja ilikwenda kudai kinyago chao kabla hakijakwisha, wakakichukua bila miguu. Vijana wakipita mbele ya banda la Kilanko walikohoa kwa pamoja. Kisha mpiga mbiu wa mfalme akapita: siku ya soko inayokuja, Mzee Kilanko afike barazani ajieleze, na Mama Foto afike na picha zake.

Idowu alipaswa kufurahi. Lakini kila asubuhi, kwa miaka mingi, alikuwa akisafisha lenzi zake huku akisikia mdundo wa tezo kutoka mtaa wa pili. Sasa asubuhi zilikuwa kimya, na akajikuta anazisafisha lenzi mara mbili.

* * *

Katika siku hizo za kungoja alikuja mama mmoja kijana aitwaye Abosede, na binti mdogo mkononi. Ndani ya khanga yake, kifuani, kilichungulia kichwa cha kinyago.

"Nataka picha ya mapacha wangu," alisema. "Kehinde ndiye huyu. Mwenzake..." Akakigusa kile kichwa. "Mwache Kehinde akae upande mmoja wa benchi, Mama. Asijitanue."

Idowu alimkalisha mtoto, akamnyoosha kola, akapiga. Chumbani akachukua kadi nyeusi ya baba yake, ile iliyochakaa pembe, akafunika nusu, akachapa, akahamisha, akachapa. Kazi ya mikono. Alikuwa ameifanya mara nyingi kiasi cha kutokumbuka idadi.

Abosede aliporudi kuichukua, aliishika picha kwa mikono miwili. Uso wake ukafunguka. "Taiwo," alisema taratibu. "Umenona, mama. Kehinde, mwone mwenzako." Mtoto akaweka kidole juu ya karatasi, akacheka.

Idowu hakuwahi kumuuliza mama yeyote. Siku hiyo swali lilimtoka lenyewe. "Mwanangu, unajua kwamba hapo kapigwa mmoja?"

Abosede aliinua macho. Hayakuwa na hasira. "Mama Foto, mimi ndiye niliyewazaa. Wewe utanifundisha kuwahesabu?"

Akaifungia picha ndani ya khanga pamoja na kinyago, akaondoka.

* * *

Siku moja kabla ya soko, Idowu aliitwa msituni. Bi Omitonade, mkuu wa wanawake wa msituni, alikuwa kimama kidogo cha nguo nyeupe, chenye miguu ya haraka na mdomo usio na subira.

"Leta hiyo kamera yako," alisema. "Najua huwezi kutembea bila hiyo. Twende."

Walipita nyuma ya banda la ibada, mahali ambapo Idowu hakuwahi kukanyaga. Njia iliteremka kati ya mizizi, hewa ikazidi kuwa ya majani mabichi. Mwishoni palikuwa na bonde dogo chini ya miti. Bi Omitonade alisimama, akanyoosha kidevu.

Mama Awere alikuwa amelala chali juu ya majani makavu.

Idowu alipiga magoti. Mgongo wote ulikuwa umeliwa na mchwa. Mtoto alikuwa amebaki mguu mmoja na unga. Ndani ya bakuli uliota uyoga mweupe. Ufa ulikuwa umefunguka kutoka jichoni hadi kidevuni. Hata hapo Idowu alitoa kioo chake, akaufuata ufa kwa jicho hadi mahali unapogawanyika kama mto, pale alipopajua kuliko mistari ya kiganja chake. Alikuwa ndiye.

"Mchwa walianzia nyuma," Bi Omitonade alisema. "Wewe kila mwaka unapiga uso tu."

"Kwa hiyo yule mwingine..."

"Kilanko aliletwa hapa, akakaa mbele yake msimu mzima akimtazama, akamchonga mwenzake. Huyu alichongwa na babu yake Kilanko. Yule pale," akaonyesha kichuguu ambamo yalikuwa yamebaki magoti mawili tu ya mbao, "aliyemchonga hajulikani tena. Wanachoka. Tunawapumzisha. Mama anahama nyumba."

"Kwa nini Kilanko hakuniambia?"

"Amekula kiapo. Sisi sote tumekula. Mji ukijua, wataanza kuuliza yupi ndiye wa kweli, na maswali hayo hayana mwisho." Alimtazama Idowu kutoka kilembani hadi miguuni. "Baba yako alifika hapa siku moja. Aliweka kamera chini, akakaa, akaondoka. Hakuuliza kitu. Wewe tulijua utauliza, ndiyo maana hatukukuleta."

Idowu alishuku hata kimya cha miti. Alinusa mbao. Aliuchota ule unga, akausugua vidoleni. Kisha akamtazama usoni yule aliyemtazama miaka yote, akasubiri.

Macho yalikuwa mbao. Mbao nzuri, ya zamani, inayorudi udongoni. Hapakuwa na mtu.

"Kesho barazani," Bi Omitonade alisema, "ukitaja hapa, umevunja kilichotunzwa na waliokuwepo kabla ya bibi yangu. Ukinyamaza, Kilanko anatoka mwizi."

"Unataka niseme uongo."

"Nani amekuambia useme uongo? Nimekuambia usiseme ulichokiona. Hayo ni mawili."

Wakati wa kurudi Idowu aliomba kuingia banda la ibada. Alikaa mbele ya Mama Awere mpya hadi miguu ikafa ganzi. Shavu laini, mafuta mapya, harufu ya mti uliokatwa juzi. Alisubiri kutazamwa, huku akijitazama anavyosubiri, na kwa hiyo hakujua alichopata. Aliondoka bila hakika. Shaka hiyo ndiyo aliyokuwa nayo mkononi alipoamka siku ya soko.

* * *

Ua wa mfalme ulijaa. Mzee Kilanko alikuwa ameketi juu ya mkeka, macho chini, vumbi la mbao limemtoka nyusi kwa sababu ya siku alizokaa bila kazi. Bila vumbi hilo alionekana mgonjwa.

Picha mbili zilipitishwa mbele ya mfalme. Akazishika mbali, kwa sababu ya uzee wa macho.

"Mama Foto. Tumesikia maneno mengi sokoni. Sasa tuambie wewe. Picha hizi mbili ni za wangapi?"

Idowu alifungua mdomo. Kila mtu pale alijua atakavyojibu. Wengine walikwisha kugeuka kumtazama Kilanko. Yeye mwenyewe alilisikia jibu lake la zamani likipanda, neno moja tu, la kweli kama pini iliyopinda. Lakini nyuma ya neno hilo alimwona Abosede anaifungia picha kifuani bila haraka, na mama yake mwenyewe na ufagio mbele ya ukuta.

"Ni za mmoja, Mtukufu," alisema.

Minong'ono ikapanda.

"Na ufa?"

"Ufa niliuona kwa kioo. Kioo leo nimekiacha nyumbani."

Watu wakacheka, mfalme naye. Lakini alipomaliza kucheka aliuliza polepole, "Kwa hiyo Kilanko?"

"Mzee Kilanko hakuchukua kitu msituni. Nilimtaja bila haki. Nasema hapa, mbele ya wote."

"Andikeni siku hii!" Sikiratu alipiga kelele kutoka nyuma. "Idowu ameamini kitu!"

Kicheko kikaufunika ua. Lakini ndani ya kicheko sauti moja ya kiume ilisema wazi, "Amelipwa nini?" Mwingine akaitikia, "Muulize mtu wa Lagos." Idowu alizisikia zote mbili. Akageuka kutafuta nani aliyesema, akakuta nyuso nyingi zinamkagua, zimekunja macho, kila moja kama jicho lililowekwa nyuma ya kioo. Aliijua tabia hiyo. Alikuwa ameiishi. Hakuwahi kusimama upande wake wa pili.

Neno hilo halikufa. Wapo waliopeleka harusi zao kwa mpiga picha wa mji jirani, mwenye picha za rangi. Wapo waliomsalimia wakiangalia mfuko wake.

Siku hiyo, njiani kurudi, Mzee Kilanko alimfikia, wakatembea pamoja hadi kwenye kona ya mitaa yao.

"Picha yangu iko wapi?"

"Ipi, Baba?"

"Ile ya bure."

Alikuwa nayo mkobani. Mzee aliitazama, akaisogeza juani. "Nimetoka kama mwizi."

"Ulikuwa unameza mate."

"Ulikuwa umenielekezea hilo dude kama bunduki!" Akaigonga picha kwa kidole, pale kwenye kisiki. "Na hiki ndicho kilichokukosesha usingizi? Kimebaki hicho. Nimewaza kukuchongea kigoda. Labda ukikaa utatulia."

Asubuhi iliyofuata tezo ilisikika. Idowu alisafisha lenzi mara moja.

* * *

Mwaka uliofuata sherehe zilipita, akaitwa, akapiga. Safari hii Bi Omitonade alimwambia, "Zunguka nyuma pia," naye akazunguka. Nyumbani aliitumbukiza karatasi. Macho yakatangulia. Kisha pua, mdomo. Halafu kitu chembamba kama unywele kikaanza kushuka chini ya jicho.

Chini ya jicho la kulia.

Idowu aliishuku filamu. Akaigeuza kuona kama aliiweka kinyume, hakuiweka kinyume. Akamshuku Kilanko. Alikwenda mpaka bandani na maji ya dawa bado yanadondoka mikononi.

"Baba, umerudi msituni na patasi?"

"Kufanya nini?"

"Kunitania."

Alimweleza. Mzee Kilanko hakucheka kama alivyotarajia. Aliweka tezo chini. "Mti mbichi hupasuka," alisema. "Lakini hupasuka unapotaka wenyewe. Mimi ningeambiwa nichague, ningeuweka palepale pa zamani. Ningekukosesha usingizi vizuri zaidi."

Idowu alimchunguza koo. Halikumeza kitu.

Alirudi chumbani. Alichukua filamu ya zamani, ya ufa wa kushoto, na hii mpya. Alichukua kadi nyeusi iliyochakaa pembe. Akafunika nusu ya karatasi, akachapa. Akahamisha kadi, akabadilisha filamu, akachapa tena. Katika dawa waliibuka wawili kando kwa kando, wamepiga magoti, kila mmoja na ufa upande wake, kama mapacha wa kwenye benchi moja. Kama alitazamwa, hakumwambia mtu. Alikaa chini ya taa nyekundu muda mrefu, na safari hii aliitoa picha kabla haijaungua.

Aliitundika sebuleni karibu na ile ya benchi. Kulipokucha alipita na ufagio, akasimama kama mama yake.

"Taiwo, umeamkaje? Kehinde, umeamkaje?" Akageuka kwa wale wengine, akapiga goti kidogo, akawaamkia mmoja mmoja kwa jina lilelile moja.

Kisha, kwa kuwa alikuwa Idowu, alirudi hatua moja nyuma kuangalia kama kuna aliyeitika.